Kabla ya kuchagua gari la vita la plastiki, chagua mahali na mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nimjibu mzazi mwenzangu wa Mafinga, ambaye wiki mbili zilizopita aliuliza anunue seti gani ya kuunganisha gari la jeshi la Marekani la wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa ajili ya mwanawe wa kidato cha pili anayetaka kuliweka kwenye maonyesho ya somo la historia shuleni kwake. Naomba pia, kwa heshima zote, nimpinge msomaji wa Njombe aliyemjibu wiki iliyopita kwamba atafute boksi lenye picha ya kuvutia, askari wengi na bei nafuu. Mimi ni fundi magari mstaafu wa hapa Uyole, na tangu nilipoacha kulala chini ya malori ya watu nimekuwa nikiunganisha magari madogo ya plastiki mezani kwangu. Kosa analolipendekeza ndugu yangu wa Njombe nimelifanya mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Hoja yangu ni moja. Kabla mzazi huyo hajatazama boksi lolote, yeye na mwanawe wakae chini waamue ni mahali gani na mwezi gani wa vita wanataka kuuonyesha. Kwa Wamarekani vita ile ilianza Desemba 1941 ikaisha 1945, na katika muda huo usiofika miaka minne jeshi lao lilibadilisha malori, mizinga, makoti, viatu na hata alama za milangoni, kiasi kwamba gari lililokuwa Tunisia mwanzoni mwa 1943 na gari lililoingia Ujerumani Aprili 1945, hata yakiwa na jina moja, yanatofautiana machoni pa anayejua. Ukishataja mahali na mwezi, maboksi mengi yanajiondoa yenyewe, na yanayobaki ni machache unayoweza kuyalinganisha bei. Ukianza na picha, kila boksi ni zuri, kwa sababu wachoraji wa picha hizo wanaijua kazi yao.

Nianze na Jeep, kwa kuwa ni seti ndogo, ya bei ya chini kuliko vifaru, na wengi wetu tumeanza nayo. Ya kwanza niliiagiza kupitia duka moja la Dar es Salaam ambalo sitalitaja, nikaeleza kwamba nataka Jeep ya Marekani ya wakati wa vita, nikaletewa boksi lenye gari dogo la kijani, nyota nyeupe na askari mwenye bunduki. Nililiunganisha, nikalipaka rangi, nikaliweka kabatini sebuleni kwa miezi kadhaa, mpaka siku mwanafunzi mmoja aliyekuja na baba yake kuniulizia habari za giaboksi alipochungulia kabatini na kuniuliza kwa adabu, “Babu, mbona shoo ya hii ina matundu ya kulala?” Shoo ni ule uso wa gari wenye matundu, ulio mbele ya rejeta. Swali lile liliniuma, kwa sababu fundi ni mimi. Nilikuwa nimeunganisha M151, gari lililoingia jeshini karibu na 1960, wakati wale waliopigana Normandi, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1944 walikwishakuwa watu wazima wenye watoto wa shule. Vita vyake ni vya Vietnam.

Tangu siku ile natazama shoo kabla ya kutazama kitu kingine. Jeep ya vita ilitokana na gari la majaribio la kampuni ya Bantam la mwaka 1940, lakini iliundwa kwa wingi na Willys, iliyoiita MB, na Ford, iliyoiita GPW, na kwa pamoja kampuni hizo mbili zilitoa zaidi ya 600,000. Shoo yake ni bati lililopigwa mashine, lenye matundu tisa yaliyosimama, na taa kubwa zimekaa ndani ya shoo hiyo. Za mwanzo kabisa za Willys zilikuwa na shoo ya vyuma bapa vilivyochomelewa, mithili ya nondo za dirisha, kwa hiyo anayeonyesha 1944 asishangae akiona kwenye boksi aina zote mbili na akaambiwa achague. Achague ya bati. Jeep za kiraia zilizotoka baada ya vita zina matundu saba, na M38, Jeep ya jeshi ya mwaka 1950, nayo ina saba, taa zake zikiwa zimejitokeza mbele. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, ageuze chesi: chuma kinachokatiza chini ya rejeta, kwenye Willys ni bomba la mviringo, na kwenye Ford ni chuma chenye umbo la U lililopinduliwa. Seti nzuri za siku hizi hutofautisha hata hilo. Seti isiyotofautisha si mbaya kwa mwanafunzi, mradi matundu yawe tisa.

Kwenye malori mtego ni mkubwa zaidi, kwa sababu malori ya magurudumu kumi yanafanana sana. Lori lililobeba vita ya Wamarekani ni GMC CCKW, ambalo pamoja na ndugu zake wa chesi hiyohiyo liliundwa kwa idadi inayopita 500,000. Herufi zake hazikuwekwa kwa urembo: C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, yaani 1941, C ya pili ni kabini ya kawaida, K ni nguvu kwenye magurudumu ya mbele, na W ni ekseli mbili za nyuma zinazosukuma. Kisha boksini utaona namba 352 au 353. Ya kwanza ni chesi fupi, iliyotumika zaidi kuvuta mizinga, na ya pili ni chesi ndefu, ambayo ndiyo lori la kawaida la mizigo. Kuna pia seti nzuri za lori la Studebaker US6 la miaka hiyohiyo, na mtu asiyejua atalinunua akalipanga na askari wa Kimarekani huko Ufaransa, ilhali malori mengi ya aina hiyo yalipelekwa Umoja wa Kisovieti. Kuhusu lori la M35, ambalo wengi huliona kwenye picha za majeshi ya nchi nyingi, lenyewe ni la kuanzia 1950 na halihusiki kabisa.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye mfano mmoja ambao ningemshauri mwanafunzi wa Mafinga auchague, kwa kuwa ni habari ya malori, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini, tuliokulia kando ya barabara ya malori, tunaielewa bila kufundishwa. Mwishoni mwa Julai 1944 majeshi ya Wamarekani yalivunja mstari wa Wajerumani huko Normandi, yakasonga mbele kwa kasi ambayo mafuta na risasi havikuweza kuifuata, maana reli za Ufaransa zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba mwaka huo misafara ya malori iliyoitwa Red Ball Express ikapewa barabara zake peke yake, ikianzia Saint-Lô kuelekea Chartres, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, na magari ya kiraia yakakatazwa kuzitumia. Ilipofikia kilele kulikuwa na karibu malori 6,000 barabarani, yakipeleka takriban tani 12,500 kwa siku. Kati ya kila madereva wanne, karibu watatu walikuwa Wamarekani weusi, kwa sababu jeshi la Marekani wakati ule liliwatenga weusi katika vikosi vyao na wengi wao waliwekwa kwenye usafirishaji na upakuaji mizigo.

Misafara hiyo ilikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo zinamsaidia sana anayepanga meza. Msafara usipungue malori matano, mwendo usizidi maili 25 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 40, na kati ya lori na lori iwepo nafasi ya yadi 60, yaani karibu mita 55. Madereva, kama ilivyo desturi ya madereva popote walipo, walikuwa wakichezea vidhibiti mwendo ili wakimbie zaidi. Lori lenyewe lilipimwa kubeba tani mbili na nusu kwenye njia mbovu, lakini barabarani lilibebeshwa hata mara mbili ya hapo. Fundi akisikia hivyo anajua mara moja springi za nyuma zilikuwaje. Ndiyo maana nikiunganisha CCKW lenye shehena, nazikata springi za plastiki kidogo na kuzikalisha, na tairi za nyuma nazisugua kwa chini ili zionekane zimelemewa. Lori lenye shehena ya madumu ya mafuta lililosimama wima kama limetoka kiwandani jana halimdanganyi mtu yeyote aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga.

Hapo ndipo suala la skeli linapoingia, yaani gari dogo ni sehemu ya ngapi ya gari lenyewe, na ndipo hesabu inapomshinda mchora picha. Skeli zinazopatikana kwa wingi ni 1/35, 1/48 na 1/72. Ya 1/35 haikutokana na hesabu yoyote ya kitaalamu: mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota, kikapewa ukubwa wa kutosha betri, na walipokipima wakakuta ni kama moja kwa thelathini na tano. Kampuni nyingine zikafuata, na sasa ndiyo skeli yenye magari na askari wengi kuliko zote. Katika skeli hiyo Jeep ina urefu wa sentimita tisa na nusu, lori la CCKW la chesi ndefu linakaribia sentimita 20, na kifaru cha Sherman ni kama sentimita 17. Katika 1/72 vipimo hivyo vinapungua hata kupita nusu, na Jeep inabaki sentimita nne na nusu, ambayo macho yangu ya sasa hayaiwezi bila miwani miwili.

Basi mwanafunzi achukue rula. Malori matano yenye nafasi ya mita 55 kati yao, katika 1/35, yanahitaji mita moja na sentimita 57 kwa kila nafasi, na nafasi ziko nne. Ukijumlisha na malori yenyewe unapata zaidi ya mita saba, yaani karibu ukuta mzima wa darasa. Katika 1/72 msafara huohuo unaenea mita tatu na nusu, unaweza kukaa juu ya madawati kadhaa yaliyounganishwa. Mwenye meza moja asilazimishe msafara. Aonyeshe lori moja la 1/35 lililoharibika kando ya njia, boneti likiwa wazi, dereva mmoja ameinama kwenye injini na mwenzake amekaa juu ya dumu akisubiri. Picha hiyo ni ya kweli kama ule msafara, na inagharimu boksi moja badala ya matano. Ndugu yangu wa Njombe aliposema askari wengi hakusema wakae wapi.

Kuhusu vifaru nitakuwa mfupi zaidi, ingawa ndivyo vinavyouzwa sana. Sherman, yaani M4, viliundwa karibu 49,000, na aina zake zimewachanganya watu wazima wenye vitabu, sembuse mtoto wa kidato cha pili. Yatosha akijua haya: M4A1 ina bodi la chuma cha kumimina kwenye kalibu, lililoviringika kila kona, na nyingine ni za mabati ya chuma yaliyochomelewa; M4A4 ilikwenda zaidi kwa Waingereza; zenye mzinga wa milimita 76 ziliingia vitani Ufaransa mwishoni mwa Julai 1944, kwa hiyo hazikuwepo majeshi yalipotua ufukweni Normandi tarehe 6 Juni; na M4A3E8 yenye minyororo mipana, ambayo ndiyo hupamba maboksi mengi, ilifika Ulaya kuelekea mwisho wa mwaka huo. Anayetaka kuonyesha wahudumu weusi wa vifaru atafute habari za Batalioni ya 761, iliyoingia vitani Ufaransa Novemba 1944 ikiwa na Sherman. Kwa msomaji wa Tanzania kuna jambo la pembeni: baada ya vita, kiwanda cha Vickers cha Uingereza kiligeuza Sherman zilizobaki kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick kwa ajili ya mpango wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, ule ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Sijapata kuona boksi lake, lakini kijana mwenye Sherman mbovu, kadibodi na subira anaweza kujitengenezea mwenyewe, na hapo atakuwa na kitu ambacho shule nyingine haina.

Magari ya deraya ya M3, yale yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma, ni mazuri kwa anayependa watu wengi ndani ya gari, kwa kuwa kila moja lilibeba kikosi cha watu 13 pamoja na dereva. Gari la wagonjwa la Dodge WC-54 nalo ni chaguo jema kwa shule ambayo haitaki bunduki mezani. Wanaopinga silaha kwenye maonyesho ya watoto wana haki yao, na gari hilo lenye misalaba myekundu na machela manne linawajibu vizuri.

Nije kwenye sanamu za askari, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Mtu mwenye kimo cha mita moja na sentimita 75 anakuwa na sentimita tano kamili katika 1/35, sentimita tatu na nusu hivi katika 1/48, na mbili na nusu kasoro katika 1/72. Zipo sanamu za zamani zinazouzwa kwa jina la milimita 54, na nyingi ni za skeli ya 1/32. Mtu huyohuyo wa kawaida, akichongwa kwa 1/32 na kupandishwa kwenye Jeep ya 1/35, anageuka kuwa jitu la mita moja na sentimita 91, na wenzake wote watatu wakiwa hivyohivyo gari zima linaonekana la mtoto. Zipo pia sanamu za michezo ya mezani ya milimita 28, ambazo kwa makusudi huchongwa vichwa na mikono minene ili zionekane kwa mbali. Zikae na magari ya skeli zao, zisichanganywe na hizi.

Kisha mavazi. Askari wa Kimarekani wa Normandi kwa kawaida ana kofia ya chuma ya M1, koti fupi la M1941 na soksi ndefu za turubai zilizofungwa juu ya viatu vya kawaida. Koti refu la M1943 lenye mifuko minne, na buti zenye mikanda miwili ya ngozi juu ya kifundo, vilienea baadaye, kuanzia majira ya kupukutika majani ya 1944 hadi majira ya baridi. Mtu akiona buti hizo kwenye kila sanamu ya boksi, na boksi limeandikwa Juni 1944, ajiulize mara mbili. Askari wa miavuli walikuwa na suti yao wenyewe, yenye mifuko mikubwa mapajani, na hawana kazi ndani ya lori la mafuta. La muhimu kuliko yote ni mkao. Maboksi mengi ya bei nafuu yana askari wanaokimbia na bunduki, wengine wamepiga goti, wengine wanarusha bomu la mkono. Lori linahitaji mtu aliyekaa, miguu yake inafikia pedali, mikono yake inashika usukani. Linahitaji mtu anayeinua dumu, mtu anayepiga jeki. Nimewahi kumkata miguu askari wa kukimbia, nikaichoma kwa sindano ya moto na kuipinda ili akae, akakaa kama mgonjwa wa mgongo. Kampuni za Ukraine, hasa MiniArt, zimetoa seti za madereva na mafundi wenye mikao ya kazi, na ningependa mzazi atumie fedha yake huko badala ya kununua kikosi kizima kinachoshambulia hewa.

Sanamu nyingi huja bila rangi, za plastiki ya kijivu, kwa hiyo rangi ya ngozi ni uamuzi wa mpakaji. Maelekezo ya boksi kwa kawaida yatakuambia upake rangi ya mzungu. Kwa Red Ball Express maelekezo hayo yasifuatwe, na kijana asipake weusi wa aina moja watu wote, bali achanganye kahawia kadhaa, kama anavyowaona watu wa mtaani kwake. Na asiwachanganye weusi na weupe ndani ya kabini moja kwa kudhani anafanya jambo jema, kwa sababu amri ya Rais Truman ya kuondoa utengano jeshini ilitolewa mwaka 1948. Maonyesho ya historia yaonyeshe ilivyokuwa.

Naomba radhi nikigusa jambo la nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Waingereza, na alifika Bama, ambayo siku hizi ni Myanmar, katika ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya 1944. Alikuwa akituambia kwamba Jeep walizozikuta kule walizisukuma wao zaidi kuliko zilivyowabeba. Jeep zile zilitoka Marekani, lakini zilifika kwa Waingereza kwa mpango wa kukopeshana vifaa uliopitishwa na bunge la Marekani Machi 1941, na waliozipanda walivaa kofia pana za kitambaa zenye ukingo uliokunjwa, si kofia za chuma za M1. Alama ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru, mnyama, ambacho kwa Kiswahili chetu kimekuwa pia jina la mashine. Nasema hivi kwa sababu familia nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya zina mzee wa namna hiyo kwenye picha ya ukutani. Kama mwanafunzi wa Mafinga ana babu yake mzaa babu aliyekuwa Keya, basi mahali na mwezi amekwisha kupewa: Jeep ileile ya matundu tisa, lakini boksi la Wamarekani wanne ndani yake alirudishe dukani.

Rangi isimtishe. Vimiminika vinavyoshika moto haviruhusiwi kwenye vifurushi vya posta vya ndege, kwa hiyo anayeagiza rangi za mafuta na thina kutoka nje anajitafutia usumbufu. Aagize za maji, au achanganye mwenyewe. Kijani cha magari ya Marekani ni cha zeituni kinachoelekea kahawia, na hupatikana kwa kutia nyeusi kidogo kidogo ndani ya manjano ya udongo, rangi ambazo maduka ya vifaa vya shule huuza. Rangi iwe na ufifi, ising'ae. Kwenye gari dogo iongezwe weupe kidogo, maana rangi ileile kwenye kitu cha sentimita tisa huonekana nzito kuliko kwenye gari lenyewe. Mwezi Juni na Julai hapa Uyole asubuhi ni baridi na rangi ya maji inachelewa kukauka. Mimi hupaka saa saba mchana. Nyota nyeupe zinakuja kama karatasi ya kulowesha, na ile yenye duara kuzunguka ni ya kuanzia 1943. Wahudumu wengi wa vifaru waliifuta au kuipaka tope kwa kuwa iliwapa Wajerumani shabaha, kwa hiyo ikichanika wakati wa kubandika usilie.

Tope nalo lina nchi yake. Nimeona kazi nzuri ya kijana mmoja aliyepaka lori la Ufaransa vumbi jekundu kabisa, la Makambako, kwa sababu ndilo vumbi analolijua. Barabara za kaskazini mwa Ufaransa wakati wa mvua za Oktoba hutoa tope la kijivu na kahawia iliyopauka. Lori la Tunisia lipakwe vumbi la manjano hafifu.

Kuhusu bei, nitamwonya mzazi jambo moja tu. Boksi jipya halimaanishi plastiki mpya. Zipo kampuni zinazoendelea kumimina plastiki kwenye kalibu za miaka ya 1970, kisha zikachora picha mpya juu. Seti hizo ni nafuu na si za kudharau, ila viungo vyake havikutani vizuri, na mtoto anayeanza atadhani kosa ni lake. Sanamu za rezini ni nzuri kuliko za plastiki, lakini zinahitaji gundi ya papo kwa papo, kwa kuwa gundi ya plastiki haizishiki, na vumbi lake likisagwa lisivutwe puani: avae barakoa na asugue ndani ya maji. Askari wa plastiki laini wa 1/72 waoshwe kwa sabuni kabla ya rangi, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu.

Nimebakiwa na shoo mbili za Jeep za matundu tisa, kofia sita za M1 na madumu kumi na manne ya mafuta ya skeli ya 1/35, yote kutoka seti nilizomaliza. Nitayaacha kwenye ofisi yenu ya hapa Mbeya ndani ya kopo la maziwa, na mzazi wa Mafinga akipita ayachukue bila malipo, mradi kwanza aniandikie kupitia ukurasa huu ni mwezi gani mwanawe ameuchagua, na meza yake ina urefu gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi magari mstaafu,
Uyole, Mbeya.